Kisamaki cha Mbao Kinachojifanya Mgonjwa: Ufundi wa Chambo cha Samoni

Samoni akishaingia mtoni kwenda kutaga, huacha kula. Tumbo husinyaa, na mafuta aliyojiwekea baharini ndiyo yanayomfikisha mwisho wa safari. Hata hivyo, ukipitisha mbele ya pua yake kipande cha mbao cha sentimita kumi chenye ndoana, kuna siku atakivamia kwa hasira mpaka fimbo ya kuvulia ipinde. Njaa hana. Kipande chenyewe hakinuki samaki, na ukikishika mkononi utaona hata sura hakijaiga sana: jicho ni doa la rangi, mapezi hakuna, mkia hakuna. Kilichomtia wazimu ni jinsi kinavyokwenda.

Baharini, ambako bado anakula, mambo yanashangaza zaidi. Huko chakula chake ni heringi, samaki wa jamii ya dagaa, ngisi na vijikamba. Anazungukwa na mawindo ya kweli, yenye damu na harufu, halafu anayaacha yote na kuja kuuma mbao. Ukiweza kueleza kwa nini anafanya hivyo, umeeleza karibu ufundi wote wa kutengeneza chambo bandia.

Jibu langu ni hili: fundi mzuri wa chambo hamwigi samaki mzima wa afya. Anamwiga samaki mwenye shida. Na ili mbao iige shida, lazima iundwe ikiwa inakaribia kuharibika mwendo, lakini isiharibike. Hapo katikati ni padogo sana, na ndipo ugumu wote ulipo.

Mimi nachonga vitu hivi hapa Moshi, pembeni ya karakana ya vitanda na makabati, kwa ajili ya jamaa wanaovua nguru na kolekole kule Pangani na Tanga. Wapo wanaoniuliza samoni anamhusu nini mtu wa Kilimanjaro. Anamhusu, kwa sababu sehemu kubwa ya ujuzi wa chambo bandia ulikomaa kwa watu wanaovua samoni na ndugu zake katika maji baridi ya kaskazini. Na ndugu mmoja tunaye huku: trauti, ambaye wakoloni walimpandikiza kwenye mito baridi ya milima yetu. Trauti mwenye rangi za upinde wa mvua yumo katika jenasi moja na samoni wa Pasifiki. Wanasayansi walimhamishia huko rasmi mwaka 1989. Kwa hiyo anayemwelewa samoni hajaenda mbali sana na nyumbani.

Kuna na kisa kingine kitakachomgusa anayekumbuka habari za sangara. Kama sangara alivyopandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, Wamarekani nao walipandikiza samoni katika Ziwa Michigan: aina ya koho mwaka 1966, na chinuki mwaka 1967. Aliyesimamia mpango huo, Howard Tanner, alitaka awepo wa kuwala samaki wadogo wa jamii ya heringi waliovamia maziwa yale na kufa kwa wingi hadi kujaza fukwe uvundo. Samoni waliwala kweli. Na wavuvi wa maziwa yale, ambao hawakuwa na mazoea na samaki huyo, wakajikuta wanabuni chambo upya kwa ukubwa, weupe na mwendo wa kile alichokuwa anakila.

Anaonaje, anasikiaje

Huwezi kumdanganya mtu usiyejua anatumia nini kukukagua. Samoni ana macho mazuri, ana masikio yaliyo ndani ya fuvu, na ana kitu ambacho sisi hatuna: mstari wa ubavuni. Ni safu ya vitundu vidogo kutoka kichwani hadi mkiani, na ndani yake mna seli zenye nywele zinazosikia maji yanaposogea. Mtikisiko wa polepole, wa mara chache kwa sekunde, anausikia. Wa haraka wa mara mia kwa sekunde pia. Ila mstari huu hufanya kazi karibu tu, umbali wa urefu wa mwili wake mara moja au mbili. Zaidi ya hapo anategemea macho na masikio.

Maana yake ni kwamba chambo hupimwa kwa hatua. Kwa mbali, mmeto au mlio ndio unaomgeuza samaki kichwa. Akisogea, ubavu wake unaanza kusoma mapigo ya maji yanayotoka kwenye chambo. Sentimita za mwisho anarudi kutumia macho. Chambo kinachofaulu hatua ya kwanza na kufeli ya pili kitasindikizwa na samaki hadi karibu na boti, kisha samaki atageuka zake. Kila mvuvi anamjua samaki wa namna hiyo, na kwa kawaida analaumu rangi. Rangi haina hatia.

Sasa huo mmeto wenyewe, maana una siri nzuri. Ubavu wa heringi au dagaa hung'aa kwa sababu ya vibamba vidogo sana vya kemikali iitwayo guanini vilivyopangwa ndani ya magamba. Tunadhani weupe ule unamtangaza. Eric Denton, mtafiti wa Uingereza, alionyesha kwamba unamficha. Baharini, mwanga hutoka juu na hupungua kwa namna ileile kila upande. Ukisimamisha kioo wima katikati ya maji hayo, mwanga kinaourudisha ni sawa na ule ambao ungeuona nyuma yake kama kioo kisingekuwapo. Kioo kinapotea machoni. Vibamba vya guanini husimama wima hivyohivyo, hata pale ubavu wa samaki unapopinda, ndiyo maana dagaa mzima akiogelea sawasawa ni kama hayupo.

Akilala upande, kila kitu kinageuka. Kioo sasa kinakamata mwanga mkali wa juu na kuurusha pembeni, na samaki aliyekuwa haonekani anawaka mara moja. Ni nani hulala upande? Aliyejeruhiwa, aliyeishiwa nguvu, aliyetoka kuponea meno ya mwingine. Kwa hiyo kwa mwindaji, mmeto wa ghafla katikati ya maji ni taarifa: kuna mmoja pale hawezi kujisimamisha. Na mwindaji, awe samoni, nguru au simba, hujipunguzia gharama kwa kumfuata aliye tofauti na wenzake. Kundi kubwa humchanganya mwindaji macho. Mmoja anayekwenda ovyo humrahisishia kazi.

Ndiyo maana nasema weupe wa chambo bila kuyumba ni bure. Bomba la alumini lililonyooka, likivutwa likiwa limenyooka, halisemi lolote.

Aliyeligundua hili bila maabara ni Lauri Rapala, mvuvi maskini wa Finland. Akiwa kwenye mtumbwi wake alikuwa akitazama jinsi samaki wakubwa wanavyoingia kwenye kundi la wadogo na kumchagua yule anayekwenda upande upande. Mwaka 1936 alichonga cha kwake kwa gome jepesi la koki, kwa kisu cha kushonea viatu. Ngozi yake ilikuwa karatasi ya fedha ya kufungia chokoleti, na vanishi ilikuwa filamu za picha zilizoyeyushwa. Chambo chake kilivua, na kampuni inayobeba jina lake ikakua kutokana na kisu kile. Ninachokipenda katika habari hii ni vile vifaa. Hakuna hata kimoja kilichokuwa kimetengenezwa kwa ajili ya uvuvi.

Mdomo wa plastiki na mapigo ya maji

Tazama sasa kisamaki cha mbao kwa karibu. Mbele, chini ya pua, kuna kipande bapa kinachochomoza kama kidevu kirefu. Wengine hukiita mdomo, nami nitakiita hivyo. Cha kwangu hukikata kwenye CD ya zamani: ni plastiki ngumu, nyeupe kama kioo ukishakwangua ule upande wa picha, na unene wake wa milimita 1.2 ni wa kutosha. Mkasi wa bati unaikata. Ikipata joto kidogo haipasuki.

Chambo kikivutwa, maji hugonga mdomo huu na kukisukuma chini, hivyo hupiga mbizi. Lakini kazi yake kubwa ni nyingine. Maji yakipita kando ya kitu butu hayafungi nyuma yake kwa utulivu. Hujikunja, yakafanya kizunguko upande wa kushoto, kisha kulia, kisha kushoto, kwa zamu. Kila kizunguko kinapojing'oa, shinikizo la maji upande ule hubadilika na kukivuta kitu upande mmoja. Kamba ya nguo huvuma kwenye upepo kwa sababu hiyohiyo. Vincenc Strouhal, Mcheki, ndiye aliyepima milio ya nyaya za namna hiyo mwaka 1878, na namba yenye jina lake bado ndiyo tunayoitumia.

Hesabu yake si ngumu. Kwa vitu vingi butu, idadi ya vizunguko kwa sekunde ni karibu 0.2 mara mwendo wa maji, gawanya kwa upana wa kitu. Chukua mdomo wenye upana wa milimita 16, yaani mita 0.016, na mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde, ambao ni wa mtu anayetembea bila haraka. 0.2 mara 1.2 ni 0.24, gawanya kwa 0.016 unapata 15. Chambo hicho kitataka kutikisika kama mara 15 kwa sekunde. Nasema kitataka, kwa kuwa chambo chenyewe kikisogea kinabadilisha maji yanayokipita, na uzito wake unaweza kukubali au kukataa mapigo hayo. Ni kadirio la kuanzia, na kwa fundi kadirio la kuanzia ni mali.

Kisha pima na samaki wa kweli. Samaki wengi wanaoogelea kwa mkia husonga mbele karibu asilimia 60 hadi 70 ya urefu wao kwa kila pigo la mkia. Mwenye sentimita kumi, ili aende mita 1.2 kwa sekunde, anahitaji mapigo 17 hadi 20 kila sekunde. Umeona? Mdomo wa milimita 16 unatoa mapigo yaliyo jirani kabisa na ya mkia wa samaki wa urefu uleule, kwa mwendo uleule. Si bahati tu. Namba ya Strouhal ya mikia ya samaki nayo huangukia kati ya 0.2 na 0.4, kwa kuwa katika eneo hilo ndipo mkia husukuma maji kwa faida. Ubavu wa samoni unasoma alama inayomhusu.

Ongeza upana wa mdomo na mapigo yatapungua, lakini kila pigo litakuwa pana na zito zaidi. Punguza upana na utapata mtetemo mwembamba wa haraka. Pembe nayo ina maneno yake: mdomo uliolala karibu sambamba na mwili hupeleka chambo chini sana na hutikisika kwa kubana, uliosimama karibu wima hukiacha juu juu na kukiyumbisha kwa upana. Jamaa zangu wa Pangani wanaovuta chambo juu ya miamba hutaka ule wa pili.

Uzito ukae wapi

Hapa ndipo wachongaji wengi wa Arusha na Moshi hukwama, na ajabu yake ni kwamba wanakwama kwa sababu ya ubora. Mkono uliozoea mpingo unapenda mbao ngumu inayokubali msasa na kung'aa. Mpingo ni mzito kuliko maji. Ukiuchonga kisamaki utapata pambo zuri la kuuzia watalii, na ukilitupa ziwani linazama moja kwa moja bila hata kuaga. Chambo kinataka mbao nyepesi, kwa sababu wepesi ndio unaompa fundi nafasi ya kuchagua mwenyewe uzito ukae wapi. Balsa ina uzito chini ya robo ya uzito wa maji ya ujazo uleule. Kule pwani ya magharibi ya Kanada na Marekani, mafundi wa vyambo vya samoni walitumia sana mwerezi. Huku kwetu nimeridhika na msesewe, mti uleule ambao magome yake hutia uchungu kwenye mbege: mbao yake ni laini, nyepesi, na kisu hupita bila ugomvi. Mringaringa wa mizinga na ngoma nao unafaa kwa chambo kinachotakiwa kizito kidogo.

Kisha unatoboa tumbo na kuweka risasi, ile metali nzito na laini. Gereji yoyote ya matairi ina vile vipande vya kubalansi magurudumu vilivyodondoka. Vingine siku hizi si risasi, basi kwangua kwa ncha ya kisu, na kikichubuka kirahisi ndicho. Uyeyushe nje penye upepo, kwa chombo ambacho hakitapikiwa tena maisha yake yote. Moshi wa risasi ni sumu na sufuria haiisahau.

Risasi hiyo ndiyo inayoamua tabia. Fikiria baiskeli inayoshuka kutoka Kibosho na mikungu ya ndizi. Mikungu ikifungwa chini kabisa, karibu na ekseli, baiskeli hujirudisha yenyewe kila inapoyumba. Ikipandishwa juu ya bega la dereva, kila kajiwe barabarani ni kesi. Chambo ni hivyo: kuna sehemu ambapo uzito wote ni kama umekusanyika, na sehemu ambapo maji ni kama yanakiinulia. Uzito ukiwa mbali chini ya sehemu ya kuinuliwa, chambo kinakuwa mkaidi. Mapigo ya mdomo yanakisukuma, chenyewe kinarudi haraka, unapata mtetemo mdogo usiolaza ubavu. Hakuna mmeto. Ukipandisha risasi milimita chache, kinaanza kujilaza kila pigo, ubavu unawaka na kuzimika, kama yule dagaa aliyeishiwa nguvu. Pandisha zaidi kidogo na kinapinduka tumbo juu, kinazunguka, kinasokota mshipi wote.

Kilicho kati ya hali hizo mbili za mwisho ndicho wachongaji wanachokitafuta usiku na mchana. Chambo kilichowekwa kwenye ukingo huo hutikisika vizuri kwa sekunde kadhaa, kisha ghafla huchepuka pembeni kama kilichotaka kukimbia, kisha hurudi kwenye njia yake. Wewe hujafanya kitu. Fimbo imetulia, boti inakwenda sawa. Kizunguko kimoja kilikuwa na nguvu kidogo kuliko kingine, na chambo kikakosa uwezo wa kukipuuza. Tabia hii ya kuchepuka ni ngumu kuipata kwa makusudi. Visamaki viwili vilivyochongwa kwa kigezo kimoja, vya mbao moja, kimoja kitakuwa nayo na kingine hakina, kwa sababu nyuzi za mbao hazilingani na tone moja la vanishi mgongoni linatosha kuhamisha uzito. Vya plastiki vya kiwandani hulingana vyote, na mara nyingi vyote hulingana katika kutochepuka. Ndiyo maana mpaka leo wapo wavuvi wanaolipa zaidi kwa kitu kilichochongwa kwa mkono.

Jirani yangu fundi vitanda alikuja kunitazama nikijaribu kimoja. Alisimama, mikono kiunoni, akatikisa kichwa.

"Kaka, hiki kimepinda. Ona kinavyoyumba."

"Ndivyo ninavyokitaka."

"Basi mteja akirudisha usinitaje."

Kwa mtu ambaye kazi yake yote ni kuhakikisha kitanda hakiyumbi, hana kosa.

Kijiko na heringi aliyekatwa

Kuna vyambo visivyo na mdomo wala risasi. Kijiko ni kipande cha chuma kilichobonyea, basi. Mmarekani Julio Buel wa Vermont alikipatia hataza mwaka 1852, na inasimuliwa kwamba wazo lilimjia alipodondosha kijiko cha kulia ziwani akaona samaki anakikimbilia. Iwe kweli au chumvi, fizikia yake ni safi: bamba lililopinda haliwezi kutulia kwenye maji yanayokwenda. Linateleza upande mmoja, pembe yake inabadilika, maji yanalirudisha, linateleza upande wa pili. Bamba jembamba hupepesuka kwa mwendo mdogo na hufaa kuvutwa na boti. Nene hurushwa mbali na huzama haraka. Kila kijiko kina dirisha lake la mwendo. Chini ya hapo kinaburutwa kama mzigo, juu ya hapo kinazunguka mfululizo, na hapo lazima pawe na kiungo kinachozunguka kati yake na mshipi, la sivyo jioni utakata nailoni yote na kuitupa.

Wavuvi wa samoni wa Pasifiki wana njia nyingine ambayo kwangu inafundisha kuliko zote. Huchukua heringi halisi, humkata kichwa kwa mshazari, kisha humfunga ndoana kwa namna kwamba akivutwa maji hugonga lile kato la mshazari na kumzungusha. Uone ajabu yake: chakula cha kweli, chenye harufu yake yote, na bado wanahangaika na pembe ya kisu. Pembe ikibadilika, mzunguko unabadilika. Chinuki, samoni mkubwa kuliko wote, kwa kawaida hupendelea mzunguko mpana wa polepole. Koho hukubali wa kubana na wa haraka. Kisha mafundi wakageuza mambo, wakatengeneza vyambo vya plastiki na mbao vyenye uso uliokatwa mshazari ili viige heringi aliyekatwa. Katika baadhi ya vyambo hivyo mshipi hupita ndani ya mwili, samaki akinasa mwili unapanda juu ya mshipi na kumwachia ndoana peke yake, asipate kitu cha kukazia akijipinda.

Mbele ya chambo, kwa umbali wa mita moja hivi, wengi huongeza bamba refu la plastiki linalozunguka na kumeta. Bamba hilo halina ndoana. Kazi yake ni ile hatua ya kwanza niliyoitaja, ya kumgeuza samaki kichwa kwa mbali. Na kila linapozunguka huvuta mshipi na kuachia, hivyo kijichambo chepesi cha nyuma, ambacho peke yake kingekwenda wima kama mlevi aliyeonywa, hurushwa huku na huku.

Rangi nitaipitia haraka, ingawa dukani ndiyo inayochukua pesa. Maji humeza wekundu kwanza. Ukishuka mita chache, kumi hivi katika maji safi, chekundu kinakuwa cheusi au kijivu. Buluu na kijani hudumu. Samoni huvuliwa chini sana mara nyingi, kwa hiyo chambo chekundu kilichokupendeza kaunta kinafika kwa samaki kikiwa kitu kingine. Mgongo wa giza, tumbo jeupe, ubavu wa karatasi ya fedha: ukifika hapo tumia muda uliobaki kwenye risasi.

Bwawa la kujaribia ni mfongo

Chambo hakijaribiwi kwenye beseni. Kinahitaji maji yanayopita kwa mwendo unaojulikana, na sisi watu wa mlimani tumerithi maji hayo kwa wazee: mifongo, ile mifereji ya kumwagilia migomba iliyochimbwa kabla ya wakoloni. Chambo kikishikiliwa na maji yakipita, ni sawasawa na maji kutulia na chambo kuvutwa. Tafuta sehemu iliyonyooka, yenye kina cha goti. Pima mita tano kwa kamba, dondosha jani, hesabu sekunde. Zikiwa nne, maji yanakwenda mita 1.25 kwa sekunde, sawa na kilomita 4.5 kwa saa, na boti za samoni nyingi huvuta kati ya kilomita 3 na 5. Wenye zamu ya maji waombe kwanza, na rangi mbichi usiisogeze, kwa sababu chini yako kuna mtu anachota.

Funga chambo kwa mshipi, kiache kishike mkondo, kisha utazame kwa juu. Kikikimbilia kushoto daima, chukua koleo na upinde kile kitanzi cha waya cha puani kidogo kulia. Kikikimbilia kulia, pinda kushoto. Kidogo maana yake ni kidogo: ukikiona kitanzi kimehama kwa macho, umezidisha. Kikipinduka, risasi iko juu mno au mdomo ni mkubwa kwa mwili. Kikinyooka bila uhai, risasi iko chini mno. Ukikitafutia ule ukingo, anza na chambo kilicho tulivu mno, kisha upunguze risasi kwa ncha ya drili, tundu dogo baada ya dogo, ukirudi majini kila mara. Kuongeza risasi baada ya vanishi ni kazi ya machozi.

Usitarajie kukitumia kwenye bwawa letu la Nyumba ya Mungu. Perege hula mwani na vijiviumbe vya majini na hana sababu ya kukimbiza kisamaki. Kambare huwinda zaidi kwa pua na sharubu, na utumbo wa kuku utamvuta kuliko sanaa yako yote. Chambo cha mwendo kinataka mwindaji wa macho na ubavu: trauti wa maji baridi, sangara, au hao nguru na kolekole wa baharini. Na ukikipeleka baharini kumbuka maji ya chumvi ni mazito zaidi kwa karibu asilimia 2.5. Kisamaki kilichokuwa kinaelea kwa shida mfongoni kitaelea vizuri zaidi Pangani, na ule ukingo ulioutafuta utakuwa umehama kidogo.

Jambo la mwisho linasahaulika na wengi. Ndoana zinazoning'inia tumboni ni uzito, tena uzito wa chini kabisa. Huko British Columbia, Kanada, sheria inataka ndoana za samoni baharini ziwe hazina chembe, kile kijino cha nyuma, na wavuvi wengi hubadilisha zile za pembe tatu kwa ndoana moja moja. Wanapofanya hivyo chambo kinakuwa chepesi chini, na kilichokuwa kinayumba vizuri kinaweza kupinduka. Kwa hiyo kijaribu chambo kikiwa na ndoana zilezile kitakazovulia, na mteja akikuambia atafunga za kwake, mwambie akuletee kwanza.